Kukimbia au kurusha: vijana wa Kampemba wafundishwe nusu ipi ya futiboli ya Marekani?

Mwaka 2028, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, futiboli ya Marekani itagombewa medali kwa mara ya kwanza. Itachezwa katika sura yake ya vibendera, kwa wanaume na kwa wanawake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipitisha uamuzi huo Oktoba 2023 mjini Mumbai, India. Wakati huo ligi kuu ya mchezo huo, NFL, ilikuwa imeshaanza kuja Afrika kutafuta vijana: kambi ya kwanza ilikuwa Accra, Ghana, mwaka 2022, kisha ikafuata Nairobi, Kenya, mwaka 2023.

Mkaaji wa Kampemba anaweza kusema hayo ni mambo ya mbali. Kuanzia Bel-Air hadi Kafubu na Kigoma, mpira ni ule wa miguu, na siku ya Mazembe na Lupopo hakuna mazungumzo mengine Lubumbashi nzima. Fainali kubwa ya Wamarekani, Super Bowl, huanza usiku wa manane kwa saa zetu, Jumatatu ikiwa imeshaingia na watu wamelala. Hata hivyo, mchezo wenye fedha na viza ndani yake hufika mapema kuliko tunavyodhani. Utakapofika, wazazi na makocha wa mtaa watakutana na swali moja: vijana wetu watafundishwa kukimbia na kugongana tu, au watafundishwa pia kurusha na kusoma mchezo?

Ni swali zito kuliko linavyoonekana. Ndilo ambalo makocha wa Marekani wenyewe wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja, na kijana mmoja aliyezaliwa Kinshasa alililipia kwa goti na mguu wake.

MCHEZO WENYEWE UKOJE

Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la adui ni pointi 6. Kuupiga teke upite kati ya nguzo zake ni pointi 3.

Kuna njia mbili kubwa za kusogea. Ya kwanza ni mbio: mkimbiaji anakabidhiwa mpira mkononi, anaukumbatia na kupenya katikati ya watu. Ya pili ni pasi: kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, anaurusha hewani kwa mwenzake aliye mbele.

Kila njia ina faida na bei yake. Katika NFL ya miaka hii, mbio moja huleta wastani wa yadi 4 na kidogo, na jaribio moja la pasi huleta karibu yadi 7. Kwa hesabu hiyo tu, mtu atauliza kwa nini wasirushe kila mara. Ni kwa sababu pasi ikianguka chini, umepoteza jaribio na hukusogea hata hatua moja. Pasi ikinaswa na adui, umempa mpira. Kwotabeki akiangushwa kabla ya kurusha, unarudi nyuma. Tena pasi isiyodakwa inasimamisha saa, wakati mbio inayoishia ndani ya uwanja inaiacha saa iendelee. Timu inayoongoza hupenda kukimbia ili dakika ziishe; timu iliyo nyuma hulazimika kurusha.

Kwa hiyo uwiano hauna maana ya nusu kwa nusu, mbio 30 na pasi 30 kama mizani ya muuza unga. Maana yake ni kwamba adui asijue kinachokuja. Mlinzi anayehofia mbio husogea mbele, na nyuma yake panabaki wazi kwa pasi. Anayehofia pasi hurudi nyuma, na mbele yake panakuwa njia ya mkimbiaji. Mashabiki wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa: timu inayopiga mipira mirefu tu kuelekea kwenye boksi, kufikia dakika ya 20 mabeki wameshaizoea, na hata mshambuliaji mrefu kuliko wote hapati kitu.

PASI ILIZALIWA KWA SABABU YA VIFO

Mwanzoni mchezo huu haukuwa na uwiano wowote. Kurusha mpira mbele kulikatazwa. Wanaume walijipanga bega kwa bega, wakaingia katikati kama mlango unaovunjwa. Katika msimu wa 1905 waliripotiwa vijana wasiopungua 18 waliokufa. Oktoba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe mchezo. Mwaka 1906 pasi ya mbele ikaruhusiwa, ili wachezaji watawanyike uwanjani badala ya kurundikana mahali pamoja.

Mzazi akumbuke hilo anaposikia mtu akisema kwamba kurusha ni urembo na kukimbia ndiko uanaume. Pasi iliingizwa ili kuokoa maisha.

Hata hivyo mbio ziliendelea kutawala kwa miongo mingi. Mwaka 1978 NFL ilibadilisha kanuni tena: mlinzi akazuiwa kumsukuma mpokeaji baada ya yadi 5 za mwanzo, na wanaomkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono. Miaka michache baadaye kocha Bill Walsh wa San Francisco aliwafundisha wachezaji wake kurusha pasi fupi-fupi zinazofanya kazi ile ile ya mbio: kusogea kidogo kidogo bila kupoteza mpira. Tangu hapo mpaka kati ya kukimbia na kurusha haujawa wazi kama zamani.

MWANA WA KINSHASA ALIYEKIMBIA YADI 313

Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa Januari 1974. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Québec, Kanada, ambako alikua akizungumza Kifaransa. Alipita Vanier College ya Montréal, kisha akapata nafasi Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kama mkimbiaji.

Tarehe 25 Novemba 1995, Michigan ilikutana na mahasimu wao wa jadi, Ohio State, waliokuwa hawajafungwa msimu ule. Upande wa pili alikuwako Eddie George, aliyepewa baadaye mwaka huo tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vikuu. Lakini siku ile ilikuwa ya Mkongomani. Biakabutuka alikabidhiwa mpira mara 37 na kukimbia yadi 313, karibu mita 286, katikati ya watu waliotumwa kumwangusha. Michigan ilishinda 31 kwa 23. Aprili 1996 timu ya Carolina Panthers ilimchagua wa nane kati ya vijana wote walioingia NFL mwaka huo.

Hapo ndipo somo linapoanza. Msimu wake wa kwanza ulikatishwa mapema na jeraha la goti. Alirudi, akaumia, akarudi tena. Tarehe 3 Oktoba 1999, dhidi ya Washington, alifunga mara tatu katika robo ya kwanza peke yake, na Carolina ikaongoza 21 kwa 0. Mtu angezima redio akaenda kulala. Lakini Washington walirudi kwa pasi, na mchezo ukaisha 38 kwa 36, Carolina wakiwa wameshindwa. Mwanamume mmoja alifanya yote ambayo mkimbiaji anaweza kufanya kabla mechi haijafika nusu, na hayakutosha.

Mwaka 2001 jeraha la mguu lilimaliza kazi yake. Alikuwa na miaka 27. Jumla ya mbio zake katika NFL ni yadi 2,530. Si kidogo, ila ni chini ya yale ambayo watu walitazamia walipomwona siku ile dhidi ya Ohio State. Mwili wa mkimbiaji ni kama lori la mgodini: hauhesabiwi kwa miaka bali kwa safari, na kila safari inaisha kwa kugongwa.

FAINALI TATU, MAJIBU MATATU

Anayetaka kujua kama ni afadhali kukimbia au kurusha, atazame fainali tatu za miaka ya karibuni. Kila moja ilijibu kwa namna yake.

Ya kwanza ni ya tarehe 1 Februari 2015. Seattle walikuwa nyuma 28 kwa 24 dhidi ya New England, zimebaki sekunde 26, mpira uko yadi moja tu kutoka kwenye ushindi. Walikuwa na Marshawn Lynch, mmoja wa wakimbiaji wenye nguvu kuliko wote wa wakati wake. Kila mtu alingoja apewe mpira. Kocha Pete Carroll akaamua pasi, na mlinzi kijana Malcolm Butler akainasa. Mchezo ukaishia hapo. Lawama ziliendelea kwa miaka, ingawa hesabu ya kocha haikuwa ya kijinga: pasi isiyodakwa ingesimamisha saa na kumwachia nafasi ya kukimbia baadaye. Alichagua kwa akili, akalipa kwa bahati mbaya.

Ya pili ni ya tarehe 5 Februari 2017. Atlanta waliongoza 28 kwa 3 dhidi ya New England hao hao. Ikiwa zimebaki kama dakika 4 na nusu, matokeo yakiwa 28 kwa 20, Atlanta walifika karibu na yadi ya 22 ya adui. Walihitaji kukimbia tu, kula saa, kisha kupiga teke la pointi 3. Badala yake kwotabeki alirudi nyuma kurusha, akaangushwa kwa hasara ya yadi 12, na kosa jingine likawarudisha nyuma zaidi. Nafasi ya teke ikapotea. New England walisawazisha na kushinda 34 kwa 28 katika muda wa ziada. Pasi ndizo zilizoipa Atlanta uongozi, na kung'ang'ania pasi ndiko kulikoupoteza.

Ya tatu ni ya tarehe 9 Februari 2025, na ndiyo yenye mafunzo zaidi. Saquon Barkley wa Philadelphia alikuwa amekimbia yadi 2,005 katika msimu wa kawaida, akivuka kiwango cha yadi 2,000 ambacho wachezaji tisa tu wamewahi kukifikia katika historia ya ligi. Kansas City walijipanga kumzuia yeye, na wakafaulu: alipata yadi 57 tu kwa mbio 25. Kama Philadelphia wangekuwa timu ya mtu mmoja, wangeanguka. Lakini walinzi waliosogea mbele kwa ajili ya Barkley waliacha nyuma wazi, na kwotabeki Jalen Hurts akarusha pasi 22, 17 kati yake zikadakwa, kwa yadi 221. Yeye mwenyewe akakimbia yadi 72. Walishinda 40 kwa 22. Barkley alisaidia kushinda mechi ambayo karibu hakukimbia kitu, kwa sababu hofu yake ilikuwa imefanya kazi kabla yake.

Seattle na Atlanta wote wawili walirusha pale ambapo wengi wangekimbia, ila mmoja alikuwa na sababu na mwingine alikuwa na mazoea. Philadelphia walikuwa na njia zote mbili hai, wakatumia ile ambayo adui alikuwa ameiacha wazi.

NANI ANALIPWA, NANI ANACHAKAA

Uwiano huo wa uwanjani haumo kwenye mishahara. Mwaka 2023 wakimbiaji watatu maarufu, Barkley mwenyewe akiwamo, walibanwa na timu zao kwa kifungu cha mkataba wa mwaka mmoja chenye thamani ya kama dola milioni 10. Mwaka huo huo kwotabeki Joe Burrow wa Cincinnati alitia sahihi mkataba wa wastani wa dola milioni 55 kwa mwaka. Dola milioni 10 ni fedha nyingi mno kwa mtu yeyote. Lakini ndani ya mchezo wenyewe, anayegongwa zaidi alilipwa chini ya sehemu ya tano ya anayeamua.

Sisi wa Haut-Katanga hatuhitaji kuelezwa hesabu ya namna hiyo. Tumeiona katika shaba na kobalti: anayetoa kitu kibichi hupata kidogo, anayekitengeneza hupata kingi, na shimo linabaki kwa yule wa kwanza.

Tazama sasa jinsi Waafrika wanavyoingia katika mchezo huu. Mwaka 2013 Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani hata siku moja. Walitaka mwili wake, ukubwa wake na kasi yake. Aliwekwa upande wa ulinzi na kwenye vikosi vya mateke, akacheza mechi chache, na mwaka 2015 safari yake ikaisha. Kambi za NFL barani zinazosimamiwa na Osi Umenyiora, bingwa mara mbili wa Super Bowl mwenye asili ya Nigeria, zimefungua milango ya kweli kwa vijana. Hata hivyo vijana wengi wanaotafutwa ni wale wakubwa na wepesi, wa kusukumana mstarini au kumkimbiza kwotabeki. Nafasi ya kwotabeki ndiyo ngumu zaidi kuipata ukubwani, kwa sababu inataka miaka ya kuzoea kurusha na kusoma ulinzi tangu utotoni.

Si kwamba kazi ya mwili ni ya aibu. Jordan Mailata, mchezaji wa raga kutoka Australia, alichaguliwa na Philadelphia mwaka 2018 kwa sababu ya ukubwa wake, akafundishwa kwa uvumilivu, na leo ni mmoja wa nguzo za timu ile iliyoshinda 2025. Lakini alifundishwa. Hakutupwa tu uwanjani akagongane.

Wazazi wajue pia bei ya kugongana. Mwaka 2013 NFL ilifikia makubaliano ya dola milioni 765 na maelfu ya wachezaji wa zamani waliodai madhara ya ubongo, na kikomo hicho cha fedha kiliondolewa baadaye.

VIBENDERA VINABADILISHA HESABU

Hapa ndipo habari ya Los Angeles inapotugusa. Futiboli ya vibendera inachezwa na watu 5 kwa 5, na hakuna kuangushana. Mlinzi anamsimamisha mwenye mpira kwa kuchomoa kibendera kilichofungwa kiunoni mwake. Uwanja una urefu wa yadi 50 na upana wa yadi 25, bila kuhesabu maeneo ya mwisho, karibu nusu ya uwanja wa kawaida kwa kila upande. Hauhitaji helmeti wala mavazi ya kukinga mabega, ambayo ndiyo gharama kubwa ya mchezo mkubwa. Mpira, mikanda na vibendera vinatosha, hata kwenye uwanja wa shule wenye vumbi.

Jambo la kuangalia zaidi ni kanuni zake. Aliyepokea mpira kwanza haruhusiwi kukimbia nao kuvuka mstari, na kuna sehemu za uwanja, karibu na kati na karibu na eneo la mwisho, ambazo mbio zimekatazwa kabisa. Katika mchezo huu mdogo pasi ndiyo mkate, na mbio ni chumvi. Bila chumvi chakula hakiliki, kwa kuwa mlinzi akijua hutakimbia kamwe atakungojea nyuma. Lakini kijana asiyejua kurusha na kudaka hana mahali pa kukaa.

Kwa hiyo kocha wa Kampemba atakayeuanzisha asifanye kosa la kuchagua watoto wenye kasi tu na kuwaambia kimbieni. Mikono ipo tayari mtaani: ni ile ya wasichana na wavulana wa basketi na handiboli, waliozoea kudaka mpira wakiwa mbioni na kutazama pembeni kabla ya kuutoa. Hao ndio waanze. Kila mtoto ajifunze kurusha, hata yule mnene, hata yule wa pembeni. Na kila mtoto apewe zamu ya kuamua: kusimama nyuma, kutazama ulinzi umejipangaje, kisha kuchagua. Uamuzi ni ujuzi, na hujengwa kwa kurudiarudia kama teke la penalti. Wasichana wasiachwe nyuma, maana Olimpiki itakuwa na timu 6 za wanawake sawasawa na 6 za wanaume.

Kuhusu wazazi, neno ni moja. Akija mtu anayeahidi Marekani kwa kijana mwenye mabega mapana, na kuomba fedha ya karatasi mbele, aulizwe kwanza: mtoto atasoma wapi, na atafundishwa nafasi gani? Dikembe Mutombo, aliyeondoka Kinshasa kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987, alikwenda kwa bursi ya masomo akitaka kuwa daktari.  Biakabutuka naye aliingia kwa mlango wa chuo. Mwili ulipokataa, kila mmoja alikuwa na kitu kingine mkononi.

Timu yenye njia moja huzuiwa. Mchezaji mwenye kazi moja hutumiwa hadi achakae, kisha nafasi yake anapewa mwingine mwenye miaka 22. Imebaki miaka michache hadi Los Angeles, na kijana wa Bel-Air mwenye miaka 12 leo hatacheza huko. Atakuwa na miaka 18 au 19 itakapofika Olimpiki nyingine, ile ya Brisbane mwaka 2032. Muda wa kumfundisha kurusha upo, mradi aanze kabla mtu hajaja kupima mabega yake.